Hiroshima, mji wa mito sita

Fungueni ramani ya Asia. Upande wa mashariki kabisa, pale bara linapokwisha na bahari kuu inapoanza, mtaona visiwa vilivyopangana kama mitumbwi iliyofungwa ukingoni mwa maji. Hiyo ndiyo nchi ya Japani. Kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote chaitwa Honshu, na juu yake uko mji mkuu, Tokyo. Lakini leo hatukai Tokyo. Watu wengi, wakisikia habari za Japani, huwaza Tokyo tu, kana kwamba nchi nzima ni mji mmoja. Sisi tutashika njia ya magharibi mpaka Hiroshima, mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Huko tutatembea kama mgeni atembeavyo, na njaa ikituuma tutakula chakula cha wenyeji.

Twapanda gari la moshi liitwalo Shinkansen. Twasema gari la moshi kwa mazoea tu, maana moshi halina: latembea kwa nguvu ya umeme, na katika sehemu ile ya nchi laweza kufika kilometa 300 kwa saa moja. Magari ya namna hii yalianza kazi mwaka 1964, na njia yao ikafika Hiroshima mwaka 1975. Toka Tokyo ni safari ya kilometa zaidi ya 800, na yatumia karibu saa 4. Wasafiri hawakai na njaa. Katika stesheni kubwa huuzwa visanduku vya chakula, na ndani yake kuna wali, kipande cha samaki, yai, na mboga zilizotiwa chumvi, kila kitu mahali pake, kama vyombo katika sanduku la fundi wa saa. Karibu kila mji una kisanduku chake. Wako watu ambao hupenda safari kwa ajili ya kisanduku kuliko kwa ajili ya mji wenyewe.

Hiroshima imejengwa mahali ambapo mto Ota waingia baharini. Mto huo, ukiisha kushuka kutoka milimani, hugawanyika, na leo matawi yake ni 6. Kati ya tawi na tawi kuna ardhi tambarare iliyoletwa na maji yenyewe, mchanga juu ya mchanga, kwa miaka mingi sana. Mwaka 1589 mtawala mmoja, Mori Terumoto, alianza kujenga ngome yake juu ya ardhi hiyo, na mji ukakua kuizunguka. Jina Hiroshima lafasiriwa « kisiwa kipana ». Ngome ya kale iliangamia mwaka 1945; ile ionekanayo leo ilijengwa mwaka 1958 kwa mfano wa ile ya kwanza. Kwa sababu ya mito, mji una madaraja mengi mno. Mgeni akiuliza njia, huambiwa avuke daraja, kisha avuke jingine.

Ziko njia nyingi za kutembea mjini, lakini iliyo bora ni tramu. Tramu ni gari lipitalo juu ya reli katikati ya barabara, nalo hupata umeme kutoka waya uliotandazwa juu. Tramu za Hiroshima zilianza mwaka 1912. Baadaye miji mingi ya Japani iling'oa reli zake, ikisema kwamba tramu zazuia motokari. Hiroshima haikukubali. Ilinunua tramu za miji ile, za Kyoto, za Osaka, za Kobe, na nyingine zikaachwa na rangi zao za zamani. Hivi hata leo mtu aweza kukaa kando ya barabara na kuona tramu za miji mbalimbali zikipita mbele yake, kila moja na sura yake. Tangu mwezi wa Agosti 2025 tramu huingia mpaka ndani ya stesheni kuu, zikipita juu ya daraja, juu ya vichwa vya watu. Ndani ya tramu watu hunyamaza. Anayetaka kushuka hubonyeza kitufe, na nauli yake huitia katika sanduku lililo karibu na dereva.

Tramu hizi zina habari inayowafaa wanafunzi. Wakati wa vita kuu ya pili, wanaume walichukuliwa jeshini, na magari yakakosa madereva. Kampuni ya tramu ikafungua shule ya wasichana mwaka 1943. Wasichana hao walisoma sehemu ya siku, na sehemu nyingine walifanya kazi: wengine walikata tiketi, wengine waliendesha tramu wenyewe. Wengine wao walikuwa na miaka 14 tu. Baadhi yao walikuwa kazini asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945.

Sasa yatupasa kueleza jambo la asubuhi ile, kwa maana bila hilo hakuna kinachofahamika katika mji huu.

Ilikuwa saa mbili na robo ya asubuhi. Ndege moja ya Marekani iliangusha bomu moja. Bomu hilo halikungoja kufika chini. Lilipasuka hewani, karibu meta 600 juu ya nyumba. Halikufanana na mabomu ya kawaida. Nguvu yake ilitoka katika urani, ambayo chembe zake ndogo mno zaitwa atomi. Atomi zikipasuliwa, hutoa nguvu kubwa kupita kiasi. Kwanza ulikuja mwanga na joto la kuunguza, kisha upepo wa kuangusha nyumba, kisha moto katika mji mzima, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Pamoja na hayo ilitoka miali isiyoonekana kwa macho, na miali hiyo ikawaletea ugonjwa hata watu waliojiona wamepona. Kufika mwisho wa mwaka ule, watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa. Kati yao walikuwamo maelfu ya wanafunzi waliopelekwa asubuhi ile kubomoa nyumba, ili moto wa vita, ukija, usipate njia ya kuenea.

Urani ile ilitoka wapi? Jibu latuhusu. Sehemu kubwa ya urani waliyotumia Wamarekani katika kazi ya kutengeneza mabomu ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko machimbo mengine yaliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 kampuni ya Union Minière ilikuwa imepeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Watu wa Katanga walioyachimba na kuyabeba hawakuambiwa yatafanya kazi gani. Kwa hiyo mtoto wa Likasi akitazama picha za Hiroshima, hatazami habari ya watu wa mbali tu.

Siku tatu baadaye, tarehe 9 Agosti, tramu ya kwanza ilitembea tena, katika kipande kifupi cha njia upande wa magharibi wa mji. Watu walikuwa hawana nyumba wala chakula, lakini tramu ilipita, na wasichana wale walikuwa miongoni mwa watumishi wake. Magari mawili yaliyopona bomu, namba 651 na namba 652, yametunzwa mpaka siku zetu.

Tukishuka katika kituo kilicho karibu na mto Motoyasu, twaona mara moja nyumba isiyo na paa. Kuta zake zimebomoka, na juu yake kuna mifupa ya chuma ya kuba, tupu kama kikapu kilichopinduliwa. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1915 na Jan Letzel, fundi kutoka nchi ya Wacheki, ili vitu vilivyotengenezwa katika wilaya vionyeshwe humo. Bomu lilipasuka karibu juu yake kabisa. Wote waliokuwa ndani walikufa, lakini kwa kuwa nguvu ilishuka toka juu na si toka kando, sehemu ya kuta ilibaki imesimama. Baada ya vita watu hawakupatana juu yake. Wengine walitaka ibomolewe, maana kuiona kuliwaumiza moyo. Wengine walitaka ibaki. Mwaka 1966 baraza la mji likaamua kwamba ibaki daima. Hawaijengi upya, wala hawaiachi ianguke. Hutia nguvu kuta zake tu, na hiyo si kazi rahisi.

Ng'ambo ya mto ni bustani kubwa ya amani. Mahali pale palikuwa mtaa wa maduka na nyumba, wenye watu wengi. Leo ni majani, miti na mawe ya ukumbusho. Katika bustani kuna moto uliowashwa mwaka 1964, nao hautazimwa mpaka mabomu ya namna ile yamekwisha ulimwenguni. Kuna pia nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mgeni huingia akiongea na hutoka amenyamaza. Vitu vilivyomo si vikubwa: shati la mtoto, saa iliyosimama, baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Kuna kisanduku cha chakula cha mwanafunzi mmoja, aliyekuwa kazini pamoja na wenzake siku ile. Mama yake alikikuta pamoja na mwili wake. Chakula kiko ndani hata leo, nacho kimekuwa makaa. Yule kijana hakupata kukila.

Karibu na hapo kuna sanamu ambayo watoto wa Japani huipenda kuliko zote. Ni ya msichana ameinua mikono, na juu ya kichwa chake ameshika korongo. Msichana aliyewafanya watu wasimamishe sanamu hii ni Sadako Sasaki. Bomu lilipoanguka alikuwa na miaka 2, na hakuumia. Alikua, akaenda shule, akawa hodari wa kukimbia mbio. Lakini katika darasa la sita akashikwa na kansa ya damu. Huko Japani husemwa kwamba mtu akikunja makorongo 1,000 ya karatasi, haja yake itatimizwa. Sadako, kitandani pake hospitalini, alikunja makorongo, hata kwa vikaratasi vya kufungia dawa. Vingine alivikunja vidogo sana kwa ncha ya sindano. Alikufa tarehe 25 Oktoba 1955, mwenye miaka 12. Wanafunzi wenzake hawakukaa na huzuni bure. Waliomba michango katika shule za Japani nzima, na sanamu ikasimamishwa tarehe 5 Mei 1958, sikukuu ya watoto ya Kijapani. Tangu hapo watoto wa nchi nyingi hupeleka huko makorongo yao ya karatasi, karibu tani 10 kila mwaka. Mwajua karatasi ilivyo nyepesi, pimeni basi.

Wakristo waendao Hiroshima hupita pia katika kanisa kuu la ukumbusho wa amani ya dunia. Padri Hugo Lassalle, Mjesuiti wa Ujerumani, alikuwa mjini siku ya bomu akajeruhiwa. Alipopona alizunguka nchi mbalimbali akiomba msaada wa kujenga kanisa ambamo wafu wote wa siku ile wataombewa, nao wa dini yoyote. Matofali yake ya rangi ya majivu yalifanywa huko huko kwa mchanga wa Hiroshima. Kengele zake zilitoka Ujerumani. Lilibarikiwa mwaka 1954.

Sasa saa sita imepita. Twende tukale.

Mbele ya nyumba nyingi za chakula za Japani kuna dirisha la kioo, na nyuma yake zimepangwa sahani za chakula cha uongo, kilichofanywa kwa plastiki. Tambi zang'aa, yai laonekana bichi kidogo katikati, hata mvuke tu ndio unaokosekana. Desturi hii yamfaa sana mgeni asiyejua kusoma maandishi ya Kijapani: humwita mtumishi nje, humwonyesha sahani kwa kidole, basi amekwisha kuagiza. Lakini chakula tutakachokula leo hakihitaji dirisha, kwa maana chapikwa mbele ya macho ya mlaji. Chaitwa okonomiyaki. « Okonomi » ni kama kusema upendavyo, na « yaki » ni kilichookwa au kilichokaangwa.

Chakula hiki kilizaliwa katika umaskini. Kabla ya vita watoto wa Hiroshima walinunua katika vibanda vya peremende kiandazi chembamba cha maji ya unga wa ngano, kilichopakwa mchuzi na kutiwa majani ya kitunguu. Bei yake ilikuwa sen moja, senti ndogo ya wakati ule. Baada ya bomu mji ulikuwa na njaa. Mchele ulikuwa haba, lakini unga wa ngano ulifika kutoka Marekani kama msaada. Vipande vya mabamba ya chuma vilipatikana, kwa kuwa mji ulikuwa na mafundi wengi wa chuma na wa merikebu. Basi watu wakaweka bamba juu ya moto, wakamwaga maji ya unga, wakaongeza kabichi ili tumbo lijae. Wajane wengi waliogeuza chumba cha mbele cha nyumba yao kuwa duka walijilisha na kuwalisha watoto wao kwa kazi hii. Hata leo maduka mengi yaitwa kwa jina la mtu na kuongezewa neno « -chan », ambalo Wajapani hulitumia wakimwita mtoto au mpendwa. Jina la namna hiyo lilisaidia pia: jirani aliyetoka vitani au aliyepotezana na jamaa zake aliweza kusoma jina mlangoni na kujua ni nani aliye hai.

Tazameni jinsi kinavyopikwa. Mpishi asimama nyuma ya bamba pana la chuma, refu kama meza, na walaji wameketi upande wa pili. Bamba ni la moto sana. Mpishi achota maji mazito ya unga kwa upawa, ayamwaga, ayazungusha mara mbili kwa mgongo wa upawa, na mara kinatokea kitu chembamba cha mviringo, chembamba kama kitambaa. Juu yake anyunyiza unga wa samaki mkavu. Kisha aweka kabichi iliyokatwa nyembamba, si kidogo, bali chungu nzima, hata mgeni hufikiri kwamba mpishi amekosa kipimo. Juu ya kabichi huja machipukizi ya maharagwe, chembe za unga uliokaangwa, na vipande vitatu vyembamba vya nyama ya nguruwe. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Mpishi ashika mikamshi miwili mipana ya chuma, aiingiza chini huku na huku, na kwa tendo moja ageuza kilima chote. Kile kitambaa cha unga kilichokuwa chini sasa kiko juu kama kifuniko, na kabichi yaiva chini yake kwa mvuke wake yenyewe. Hapa mpishi mbaya hugandamiza ili amalize upesi. Mpishi mwema hungoja. Kilima hushuka chenyewe, na kabichi huwa tamu.

Wakati huo kando yake zakaangwa tambi. Mpishi azitandaza kwa mviringo na kuweka kilima juu yake. Kisha avunja yai juu ya bamba, alipanua kwa upawa, aweka yote juu ya yai, na kugeuza mara ya mwisho. Yai sasa liko juu, la manjano. Alipaka mchuzi mweusi mzito, wenye utamu na uchachu kidogo, kisha anyunyiza unga wa mwani wa kijani. Mchuzi huu Hiroshima hutengenezwa kwa wingi. Kampuni ya Otafuku ilianza kuutengeneza kwa ajili ya okonomiyaki mwaka 1952, na ndani yake hutia tende, matunda ya nchi za Waarabu. Nani angefikiri kwamba tende zitafika katika chakula cha Japani?

Kazi yote yaweza kutumia robo saa au zaidi, na mlaji huikodolea macho. Bei ni karibu yeni 1,000. Mwenyeji hali kwa sahani. Hula juu ya bamba lenyewe, akikata kipande kwa kikamshi kidogo cha chuma na kukipeleka kinywani nacho, huku chakula kikibaki cha moto mpaka mwisho. Mgeni asiyezoea aweza kuomba sahani na vijiti; hakuna atakayemcheka, au labda kidogo. Katikati ya mji kuna nyumba moja yenye ghorofa, iitwayo Okonomimura, yaani kijiji cha okonomi, na ndani yake vibanda zaidi ya 20 vyapika chakula hiki hiki, kila kimoja kikidai kwamba chake ndicho kizuri. Watu wa Osaka nao wana okonomiyaki yao, lakini wao huchanganya kila kitu katika bakuli kabla ya kukaanga. Msiulize ipi ni bora mkiwa Hiroshima. Wala msiseme « okonomiyaki ya namna ya Hiroshima ». Wenyeji wengi hawapendi kusikia hivyo, kwa maana kwao hiyo ndiyo okonomiyaki, basi.

Kula kuna adabu zake huko. Kabla ya chakula mtu hupewa kitambaa chenye maji ya kufutia mikono, na maji ya kunywa hayalipwi. Mlaji husema « itadakimasu », yaani napokea kwa unyenyekevu, na akiisha kushiba husema « gochisosama » kumshukuru aliyepika. Ni vibaya kusimamisha vijiti katika wali, kwa sababu hivyo ndivyo wali unavyowekwa mbele ya wafu. Kuvuta tambi kwa sauti si kosa. Babu na wajukuu huvuta wote. Tena mtu hamwachii mtumishi feza ya ziada mezani. Akiiacha, mtumishi aweza kumkimbilia barabarani ili amrudishie.

Chakula cha pili cha kuonja ni chaza. Chaza ni mnyama wa baharini asiye na mifupa, akaaye ndani ya makombe mawili magumu kama jiwe. Zaidi ya nusu ya chaza wanaofugwa Japani hutoka wilaya ya Hiroshima. Nimesema wanaofugwa, na ni kweli. Mbele ya mji bahari imefungiwa kati ya visiwa, mawimbi ni madogo, na ile mito huleta kutoka milimani lishe ya vijidudu ambavyo chaza hula. Wakati wa joto wafugaji hutundika majini nyaya zenye makombe matupu yaliyotobolewa. Watoto wa chaza, wadogo kuliko chembe ya mchanga, huelea wakitafuta mahali pa kushika. Hushika makombe hayo na hawaachi tena. Baadaye nyaya hufungwa chini ya vyelezo vya mianzi, zikining'inia meta karibu 10 ndani ya maji. Baada ya mwaka mmoja, au miwili, au mitatu, huvutwa kwa mashine, nazo zimekuwa nzito kama mikungu ya ndizi. Kufungua makombe ni kazi ya mikono, na hao wanaoifanya, wengi wao ni wanawake, hutumia kisu kifupi kwa upesi wa ajabu. Majira ya baridi ndiyo wakati wa kula chaza: wa kuokwa katika kombe lake, wa kukaangwa, au wa kupikwa pamoja na wali.

Aliye na siku ya pili asikose kwenda Miyajima. Tramu hufika pwani kwa muda wa saa moja na kidogo, na feri huvuka kwa dakika 10. Tangu mwezi wa Oktoba 2023 kila mgeni hulipa kodi ya yeni 100 kwa kutunza kisiwa. Kabla ya kufika, mtu aona lango kubwa jekundu limesimama ndani ya bahari, peke yake, bila ukuta wala nyumba. Ni lango la hekalu la Itsukushima, la dini ya Kishinto. Zamani watu walikiona kisiwa chote kuwa kitakatifu, wakaogopa kukikanyaga ovyo, ndiyo sababu hekalu nalo limejengwa juu ya nguzo mahali maji yafikapo. Lango la leo ni la mwaka 1875. Urefu wake ni karibu meta 16, na nguzo zake kubwa ni vigogo vya mti wa kafuri. Jambo la ajabu ni hili: miguu yake haikuchimbiwa chini. Lasimama kwa uzito wake tu, na ili lizidi kuwa zito, boriti yake ya juu ni kama sanduku lililojazwa mawe.

Watoto wanaokaa kando ya ziwa Tanganyika hawajui jambo hili, lakini bahari hujaa na kupwa kila siku. Maji yakijaa, lango laelea kama merikebu. Yakipwa, watu huvua viatu na kwenda kwa miguu mpaka chini ya nguzo, wakizigusa na kutazama chaza wadogo walioshika mti. Afadhali kuuliza saa za maji kabla ya kwenda, ili kuona hali zote mbili.

Kulungu hutembea kisiwani bila kamba, kati ya watu. Msiwahurumie upesi. Wana macho ya upole, lakini hula ramani, tiketi na hata mfuko wa karatasi ulio mkononi mwako. Wenyeji huomba watu wasiwalishe, ili wajitafutie majani msituni.

Karibu na feri huuzwa wali uliofunikwa kwa vipande vya mkunga wa baharini, samaki mrefu kama nyoka, aliyeokwa na kupakwa mchuzi mtamu. Na katika barabara ya maduka mashine ndogo huoka maandazi yenye umbo la jani la mti uitwao momiji, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya baridi. Mtu aweza kusimama mbele ya kioo na kutazama: unga waingia, chuma chafunga, chafungua, jani latoka. Ndani yake kuna maharagwe mekundu yaliyopondwa na kutiwa sukari. Wageni wengi hushangaa kusikia maharagwe na sukari. Huonja moja, hunyamaza, kisha hununua kisanduku kizima cha kupeleka nyumbani. Jioni maduka hufunga mapema, taa za lango huwashwa juu ya maji, na wageni hufanya haraka kwenda kwenye feri, wakificha visanduku vyao chini ya makoti kwa sababu ya kulungu.